Fungu la Aliyeondoka

4 Februari

Mwanangu Rula,

Utashangaa kupata barua, tena yenye mwandiko wangu huu unaokwenda upogo. Simu ninazo mbili, lakini zote nazipokea ofisini, na mimi na mdogo wako tunatenganishwa na ubao mwembamba tu. Ninalotaka kukwambia sitaki alisikie nusunusu. Nimeambiwa gari la vifaa linafika kwenye kambi yenu ya upimaji ardhi kila baada ya wiki mbili, basi hii nayo itafika, hata kama ni kwa vumbi.

Nimekwenda kwa wakili. Usishtuke, siumwi. Kilichonipeleka ni jirani yetu, yule mwenye ghala la mabati. Amefariki bila kuacha neno, na watoto wake watatu wamelifunga ghala kwa makufuli matatu, kila mmoja na lake. Wateja wanakuja, wanachungulia, wanaondoka. Tangu nilipoyaona yale makufuli sina raha. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta pa kukaa. Kabati la sebuleni nimelihamisha mara mbili wiki hii, na msichana wa kazi ameanza kunitazama kwa jicho la huruma.

Wakili mwenyewe ni mtu mwembamba, anaongea polepole kama anayemnywesha mtoto dawa. Akaniambia, "Mama, una mali moja kubwa na watoto wawili. Kiwanda hakikatwi kwa msumeno kama godoro." Kweli. Nusu ya mashine ya kukatia sponji itamfaa nani?

Mpango wake ni huu. Kiwanda chetu cha magodoro kiende kwa mdogo wako, kwa kuwa yeye ndiye aliyemo. Wewe, uliyeondoka, upate bima. Mimi najikatia bima kubwa ya maisha na kuilipia kila mwaka. Siku Mungu akinichukua, kampuni ya bima inatoa fedha zinazokaribia thamani ya kiwanda. Fedha hizo hazisubiri mahakama wala wasia. Zinaingia kwenye amana, ambayo ni kama sanduku la kisheria: wako wadhamini wa kulishika, na yuko mnufaika, yaani wewe. Hakuna mdai wala mkwe atakayetia mkono. Kila mtu na lake, na hakuna kufuli.

Nimeweka fomu humu ndani. Tia saini kwamba umekubali, uirudishe na gari hilohilo. Mdogo wako usimwambie kwanza.

Nimekuwa na haraka siku hizi, sijui ya nini.

Mama yako


19 Februari

Mama, shikamoo.

Barua imefika, na vumbi lake. Fomu nimeisoma mara tatu. Nakurudishia bila saini.

Usidhani nadharau. Mpango nimeuelewa, na kwenye karatasi mizani imelingana. Lakini hebu utazame kutoka huku niliko. Mdogo wangu anapewa kitu kinachoishi. Ukiamka mzima, kiwanda kinaunguruma, naye anafurahi. Mimi napewa kitu kitakachozaliwa siku utakayokufa. Kila mwaka ukiuvuka salama, fungu langu linaahirishwa. Mama, nikikupigia simu kukuuliza umeamkaje, nitajuaje kuwa ni hali yako tu ninayoiuliza? Unataka nilale na karatasi ya namna hiyo chini ya mto?

Hapa kambini kazi yangu ni kupigilia vigingi pale mpaka ulipo, kabla watu hawajapigana. Kila wiki wanaving'oa. Wanasema tumepima vizuri lakini hatukuwauliza. Nilikuwa nawaona wakorofi. Sasa nawaelewa.

Na kwa kuwa jambo la kiwanda umelifungua wewe mwenyewe, niulize. Nilifanya kazi kiwandani miaka mitano. Siku ulipompa mdogo wangu kiti cha meneja, niliambiwa na mlinzi getini. Aliniambia, "Pole, dada," nikamuuliza pole ya nini. Huu ni mwaka wa nane na hujaniambia kwa nini. Kiti sikitaki tena. Nataka sababu.

Binti yako


5 Machi

Rula,

Marahaba. Kumbe bado kiwanda kinakukaa rohoni.

Umetaka sababu, haya. Wewe ulikuwa na cheti, ulikuwa na pa kwenda. Mwenzako alifeli mtihani mara mbili, hakuwa na pa kwenda. Mzazi anampa kiti asiyeweza kusimama. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na mama yeyote angefanya hivyo. Tusilirudie.

Bima naendelea nayo. Wakili anasema saini yako si lazima, mimi ndiye niliyeitaka kwa heshima tu. Siku nikiondoka utazipokea hizo fedha, utake usitake, na hasira zako utanifuata nazo kaburini.

Juzi nimepimwa na daktari wa kampuni ya bima. Alinikagua kama ng'ombe wa mnada, ni meno tu ambayo hakuyahesabu. Akanipandisha kwenye mkanda unaokimbia nao umesimama palepale, nyaya zimebandikwa kifuani. Akaniuliza, "Mama, ukipanda ngazi huwa unahema?" Nikamwambia, "Nahema, mwanangu, na wewe ukifika umri wangu utahema." Hakucheka. Vijana wa siku hizi hawana utani. Aliandika kwa muda mrefu.

Kiwandani tumepata oda ya hosteli tatu. Mdogo wako anahangaika na vitambaa vya foronya, hajui achukue vipi. Kila baada ya dakika kumi yuko mlangoni kwangu.

Mama yako


11 Aprili

Rula,

Lile jambo la bima liache. Nimeamua nisiendelee nalo. Kama una nakala ya fomu, ichane.

Kiwanda kinakwenda vizuri. Mvua zimeanza.

Mama yako


24 Aprili

Mama, shikamoo.

Nimesubiri hadi gari lililofuata, nikidhani kuna barua nyingine nyuma ya hiyo ya mistari minne. Hakuna.

Sawa. Nimeelewa. Nilikataa kutia saini, basi na fungu lenyewe limeondolewa. Nimeuliza sababu, na adhabu ya kuuliza nimeipata. Ningekuwa mtu wa kupokea na kunyamaza ningebaki mtoto wako mwenye haki zote. Mpe mdogo wangu kiwanda, mpe na nyumba, mpe na hilo kabati unalolihamisha. Nina mikono miwili na kazi yangu.

Kinachoniuma si fedha, na najua hutaamini. Ni hiyo mistari minne. Hata mteja aliyeghairi oda humwandikii hivyo.

Sitaandika tena. Ukinihitaji, ofisi ya mradi wanayo namba.

Binti yako


12 Mei

Dada, shikamoo.

Ni mimi mdogo wako, Bosi Mdogo kama wanavyoniita kwa kunicheka. Kwanza naomba msamaha maana barua yako ya tarehe 24 nimeifungua mimi. Ilifika ofisini mama akiwa hayupo, nikauona mwandiko wako, nikaishika siku mbili, siku ya tatu nikaifungua. Ni vibaya, najua. Lakini mama alikuwa amebadilika na hakuna aliyekuwa ananiambia kitu. Anaingia kwenye chumba cha mashine, anasimama, anatoka. Anaita fundi, fundi akifika amesahau alichomwitia. Ngazi ya ofisini sasa anaipanda kwa mapumziko mawili na anajifanya anasoma matangazo ukutani.

Baada ya kuisoma barua yako nilifungua mtoto wa meza yake. Chini ya vipande vya sampuli za vitambaa nikakuta barua ya kampuni ya bima. Wanasema wamepitia vipimo na wanasikitika hawawezi kumkatia bima. Dada, hakughairi. Wamemkataa.

Nilimfuata nayo mkononi.

"Mama, hii nini?"

"Karatasi."

"Naona ni karatasi."

"Basi umeona."

Nikavuta kiti nikakaa, kitu ambacho sijawahi kukifanya bila kuambiwa. Nikaiweka barua mezani mbele yake. Mwisho akasema, "Miaka thelathini nawauzia watu usingizi. Leo wanasema mimi ni hasara." Akaanza kucheka, kisha kile kicheko kikageuka, ikabidi nifunge mlango wafanyakazi wasione.

Ni moyo. Mlango mmoja wa moyo haufungi vizuri, damu inarudi ilikotoka. Daktari wa hospitali amesema unatengenezeka kwa upasuaji, lakini usicheleweshwe. Ameshapangiwa siku mbili na zote amezikwepa. Anasema haingii kule mpaka mambo yenu, yaani yetu, yawe sawa. Na hakutaka ujue, kwa sababu uliandika kwamba ukimuuliza hali yake hutajua unauliza nini. Sentensi hiyo ameikariri. Aliniambia, "Nikimwambia naumwa, atakuja. Na akija sitajua amefuata nini." Mnafanana hadi mnachosha.

Na mimi nina langu. Kile kiti sikukiomba. Niliitwa asubuhi ileile, nikaambiwa kaa hapa. Nilidhani wewe unajua. Uliponipita uani bila kunitazama ndipo nikaelewa kuwa hukuambiwa, nikaona aibu, na aibu ikawa ndefu mpaka leo. Kila nikitaka kubadilisha kitu wazee wa kiwandani wanasema dada yako angefanya hivi. Nami moyoni nasema ni kweli.

Njoo, dada. Usiandike. Njoo.

Mdogo wako


20 Juni

Mwanangu,

Umeondoka Jumapili na nyumba imekuwa kubwa. Wiki tatu si nyingi, lakini masikio yameshazoea viatu vyako vya kazini kwenye sakafu.

Karatasi za wakili zimerudi zote zina mihuri. Nikuandikie yaliyomo ili tusije tukasema hatukuelewana. Hisa zote za kiwanda zimeingia kwenye amana sasa hivi, nikiwa hai, si siku ya kufa kwangu. Wadhamini ni wewe, wakili, na yule mhasibu wetu mstaafu. Wanufaika ni nyinyi wawili sawasawa, na mimi nikingali napumua nakula pamoja nanyi. Mdogo wako anabaki meneja, analipwa mshahara wake kama meneja. Hakuna anayeweza kuuza bila mwenzake. Na bima hatimaye imekatwa, ila kwa maisha ya mdogo wako, maana wakili anasema kiwanda kimemwegemea yeye, na akipatwa na jambo fedha ziingie kiwandani. Daktari yuleyule asiyejua utani alimpandisha kwenye mkanda akamkuta mzima kama chuma. Tangu siku hiyo anatembea kifua mbele, na wafanyakazi wanamwambia avuke barabara kwa uangalifu, yeye ni mali ya watu.

Haya yote tungeweza kuyafanya tangu mwanzo. Wakili alinieleza njia hii siku ya kwanza kabisa. Niliikataa kwa sababu ilitaka tukae sote watatu meza moja.

Na mezani uliuliza. Wakili alikuwa anapanga karatasi, ukasema taratibu, "Mama, ile sababu uliyoniandikia si yenyewe." Nikaomba maji. Wakili akakimbilia maji, mdogo wako akakimbilia dirisha, wewe ukabaki unanitazama. Nikanywa glasi nzima na sikusema. Upasuaji ni tarehe 8 Julai, na safari hii sikwepi. Kwa hiyo nasema sasa.

Unakumbuka mwaka wako wa tano nilisafiri wiki mbili kufuata mashine. Niliporudi sikupita nyumbani, nilishukia kiwandani na begi langu. Ulikuwa umepanga upya chumba cha kukatia. Meza za washonaji ulizigeuza zielekee dirishani, na vipande vilivyokuwa vinatupwa ulianza kuvijaza kwenye mito. Kazi ilikuwa inakwenda kwa namna ambayo sijawahi kuiona. Nikasimama mlangoni. Msimamizi, yule mzee niliyemfundisha kushika mkasi, alikuja mbio na karatasi mkononi. Nikanyoosha mkono kuipokea. Akanipita, mwanangu. Akanipita kama nguzo, akaenda hadi kwako, akasema, "Bosi, hapa tufanyeje?" Nawe ukamjibu bila kuinua kichwa, na jibu lilikuwa sahihi.

Nilianza kazi ile barazani, nikijaza sufi kwa mikono hii mpaka pua zinaziba. Nikatazama mkono wangu uliokuwa bado umenyooka, nikaurudisha kwenye begi.

Nilikuonea wivu. Mtoto niliyemzaa. Nimelizungukia neno hili miaka minane, nikaliita huruma kwa mdogo wako, nikaliita busara. Lilikuwa wivu. Nilimweka yeye kwa sababu nilijua ataniuliza kila kitu, na ameniuliza, na kwa kuniuliza hakukua. Nimewakosea wawili kwa mpigo mmoja.

Sikuandikii hivi ili unisamehe kabla ya kisu. Nimeandika kwa sababu nikifa hili haliwezi kuingizwa kwenye amana, na hakuna mdhamini atakayekukabidhi.

Mama yako


27 Juni

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeisoma barabarani, nimesimama juani, na wasaidizi wangu walidhani nimepata msiba. Wakaniletea kiti.

Nimekasirika. Naanza na hilo kwa sababu hatutaki tena barua za mistari minne. Miaka minane nilijikagua. Nilijiuliza niliharibu oda gani, nilimjibu nani vibaya, nilichelewa siku ipi. Nilikuwa nikilala nayo, nikiamka nayo. Niliacha kazi niliyoipenda nikaja kupima vumbi, nikiamini kuna kasoro kwangu ambayo kila mtu anaiona isipokuwa mimi. Kumbe nilikuwa naifanya kazi vizuri. Ungeniambia hilo tu, Mama, hata kama ungenifukuza siku ileile, ningeondoka nimenyanyua kichwa.

Msimamizi alipokupita sikukuona. Nakuapia. Ningekuona ningesimama.

Sijui kama nimekusamehe, na sitakudanganya kwa sababu tu unaingia chumba cha upasuaji. Nimeomba likizo ya miezi mitatu. Mkuu wa mradi akasema ni mingi, nikamwambia aipunguze yeye, mimi nitaimaliza. Nafika Jumanne. Nakuja na hasira zangu, maana sina pa kuziacha. Nitakuogesha nazo, nitakulisha nazo, nitakushika mkono kwenye ngazi nazo, tuone zitadumu siku ngapi.

Uliogopa hutajua nimefuata nini. Nimefuata wewe.

Binti yako


19 Julai, hospitali, kitanda cha dirishani

Rula,

Nesi amenikopesha kalamu, hii karatasi ni ya nyuma ya fomu ya chakula. Kuongea bado kunanichosha, na wewe ukiingia unaanza na mto na dawa na joto, sipati nafasi. Nitaiacha juu ya shuka uikute.

Kifua kinauma nikikohoa. Nikinyamaza nausikia moyo, unapiga kama saa mpya, mpaka wa kitanda cha pili nilidhani naye anausikia. Daktari ameridhika. Huyu anajua utani, amenichekesha na imeniuma.

Leo mchana mlikuwa kwenye varanda, wewe na mdogo wako, mlango uko wazi kidogo. Nimewasikia mnagombania mashine ya kukatia. Yeye anataka iuzwe wanunue mpya, wewe unasema kisu chake tu ndicho kibovu. Akakwambia, "Dada, miaka minane hukuwepo, hii mashine naijua mimi." Sijawahi kumsikia akimpinga mtu kwa sauti ile. Nawe ukasema, "Haya, nieleze." Akakueleza. Alikuwa sahihi kwa nusu, nawe kwa nusu.

Nilingoja mmoja wenu aje aniulize. Nilishajitayarisha na jibu. Hakuna aliyekuja. Mliendelea wenyewe, mara mkacheka, mara mkaanza upya.

Safari hii haikuniuma. Nikageukia ukutani, nikalala hadi saa kumi na moja.

Mama yako